Barafu ya Kumshikisha Baba

Tangu nirudi, sijamaliza kuchomelea hata geti moja bila mtu kuingia karakanani na kuniuliza, "Fundi Barasa, ni kweli ulipofuka kule juu?" Nikianza kusimulia, jenereta inanguruma. Nikifika katikati, mteja anaingia. Kesho yake nasikia sokoni kwamba barafu ilinikata mguu, na miguu yangu yote miwili mnaiona. Basi nimeamua kuandika. Someni wenyewe, kisha mniache nifanye kazi. Habari za vibali, ada na karatasi naziruka, maana zilinichosha mara moja na sitaki zinichoshe tena.

Bwera: chupa ya Mama Kavira

Chanzo cha safari ni ubishi wa wazazi wangu.

Baba, Mzee Wekesa, alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja kuchimba shaba Kilembe. Mama, Masika, alikuwa Mkonzo, mwenyeji wa milima hii hii. Siku za mapumziko walikuwa wakiteremka pamoja hadi barabara ya Rukoki kununua mihogo, na asubuhi chache, mawingu yakifunguka, waliuona ule weupe unaong'aa juu kabisa ya milima ya Rwenzori. Mama alisema ni nzururu, theluji. Baba alisema ni mawe. Alikuwa mchimbaji, mawe yanayong'aa aliyajua, na hoja yake ilikuwa moja: jua hili la Kasese, linalochoma mabati mpaka yanalia, lingeiachaje barafu ikae? Walibishana miaka yote ya ndoa yao. Mimi nilikulia katikati ya ubishi huo, na nakiri kwamba utotoni nilikuwa upande wa baba, kwa sababu alikuwa na sauti kubwa.

Mama alifariki. Kisha presha ya macho ikamshika baba, na sasa anatofautisha mchana na giza tu. Ndipo akanituma nimletee kipande cha ule weupe.

Barafu haibebwi mfukoni, kwa hiyo nilikwenda kwa Mama Kavira, jirani yangu hapa sokoni Bwera, mpakani, Mnande wa Butembo, Kongo, anayeuza vitenge na samaki wa chumvi. Ana chupa ya chai ya zamani, ya chuma, yenye tumbo kubwa, ambayo akiweka chai asubuhi, jioni bado inakuchoma ulimi.

"Fundi, weye unaenda kutafuta nini kule?" aliniuliza. "Kule kuko baridi ya kuua mutu. Na kazi yako iko ya moto!"

Nilipomweleza habari ya baba na mama, aliitoa chupa chini ya meza, akaipangusa kwa kitenge kipya kabisa.

"Hii ilikuwa ya mama yangu. Ilivuka mupaka na sisi wakati tulikimbia. Ukiivunja, usirudie huku, baki kule kule na barafu yako." Kisha akanifungia samaki wa chumvi, makayabu kama anavyowaita, kipande kikubwa kama kandambili. "Batu ya mulima banakula mboga tu. Utanishukuru."

Kwenye begi niliongeza vitu vyangu viwili vya kazi: miwani yangu ya kukatia chuma kwa gesi, na kioo cheusi cha kuchomelea. Nilijua kwamba theluji inaumiza macho. Nilijiambia kwamba hapo haitaniweza, kwani mimi macho yangu yanapata riziki yake kwenye mwanga mkali.

Bulembia: mzee na chupa

Baba anaishi Bulembia, kwenye kiwanja chake kidogo cha mteremkoni, juu kidogo ya zilipo nyumba za zamani za wachimbaji. Nilimkuta barazani uso wake umeelekea jua, anavyokaa siku hizi. Nilimpa chupa aishike. Aliipapasa tumbo, akafungua kifuniko, akaingiza kidole, akanusa.

"Hii ilikuwa na chai," alisema.

"Nimeisafisha, baba."

"Safisha tena. Sitaki uniletee chai." Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Barasa, wewe unajua mimi nilimwambia mama yako nini siku ile ya harusi ya dada yako? Mbele ya watu? Nilimwambia, Masika, wewe ni mwongo, na wazee wako ni waongo, hiyo kitu ni mawe. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kutoka siku hiyo hakuitaja tena."

Alikifunga kifuniko cha chupa.

"Macho imekwisha," baba aliendelea. "Lakini mkono iko. Niletee nishike. Kama ni mawe, nitajua. Nimeshika mawe maisha yangu yote. Na kama si mawe..." Alinirudishia chupa, akageuza uso tena kwenye jua.

Niliondoka pale nina furaha ya ajabu, kama mtoto aliyetumwa dukani mara ya kwanza.

Kwenye kizuizi

Nje ya mji, njia panda ya kuelekea mlimani, wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi. Boda yangu ilisimamishwa.

"Wewe! Shuka! Fungua hiyo begi!"

Alikuwa askari mrefu mwenye ndevu chache. Alimtoa samaki, akakunja uso. Alitoa chupa, akaitikisa. Kisha akatoa kioo cheusi na kukigeuzageuza.

"Hii ni nini?"

"Kioo cha kuchomelea, afande. Mimi ni fundi."

"Inaona nini?"

"Hakionyeshi kitu, afande, ila moto. Na jua."

Alinitazama kama mtu anayetaniwa. Akakiweka jichoni, akainua uso. Nami namwelewa, maana mara ya kwanza na mimi nilipagawa: ukitazama kupitia kioo kile, dunia yote inazimika, na jua linabaki kijiduara cha kijani, kidogo, chenye ukingo safi kabisa.

"Eh! Kumbe jua iko kadogo namna hii!" alipiga kelele. "Kuja hapa! Nyinyi! Kuja ona jua!"

Wakaja wenzake wawili, halafu mwenye boda wangu, halafu mama mwenye kikapu cha parachichi. Foleni ikawa ya kukitazama kioo, na magari nyuma yanapiga honi. Nilikaa pale zaidi ya nusu saa. Mwishoni afande alinirudishia kioo shingo upande, akauliza chupa ni ya nini. Nikamwambia naenda kuchota barafu ya kumpelekea baba yangu asiyeona.

"Nenda," alisema. "Ukirudi, nataka niione hiyo barafu."

Msitu na matope

Kiongozi wangu mlimani alikuwa Biira, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwendo usiobadilika hata njia ikipanda kama ngazi. Mpishi na mbeba mizigo alikuwa Thembo, mtu mzima mwenye upole ambaye kwa siku nzima anaweza kusema maneno kumi, na nane kati ya hayo ni "pole". Nilipowasalimu kwa Kikonzo, Biira alinikagua tangu kichwani mpaka miguuni.

"Kikonzo umetoa wapi, na jina Barasa?"

"Kwa mama."

"Basi wewe ni wetu nusu. Tutakubebea nusu ya begi."

Siku ya kwanza ilikuwa msitu, na mvua. Ya pili ilikuwa mianzi, na mvua. Ya tatu ilikuwa bwawa la matope ambalo unalivuka kwa kuruka kutoka kishungi cha nyasi hadi kingine. Mimi niliruka vizuri vishungi saba, cha nane kikanikataa, nikazama mpaka kwenye mkanda. Biira alinivuta kwa kamba ya begi huku akiniuliza kama nusu iliyozama ni ya Bungoma au ya kwetu. Miti kule imevaa kuvumwani nene kama ndevu, zinaning'inia kila tawi, laini na baridi, na Biira alinionyesha jinsi ya kuzijaza ndani ya viatu ili miguu ikauke. Mkumbuke kuvumwani hizo.

Jioni hiyo Thembo alipika bundu, ugali wetu wa muhogo, pamoja na yule samaki wa Mama Kavira. Hakuna aliyemwambia kwamba makayabu hulowekwa kwanza. Aliyachemsha yalivyo. Tulikula kwa heshima, hatukutazamana, kisha sote watatu tukaenda mtoni bila kuagana na tukanywa kama ng'ombe.

"Mama yako angekuwa anakula hii?" Biira aliniuliza akipangusa mdomo.

Ndipo nikawasimulia habari ya mama, harusi, mawe na baba. Thembo alisema, "Pole." Biira, kesho yake, alianza kuibeba chupa mwenyewe.

Juu ya barafu

Siku ya tano, alfajiri imeshapita, tulitoka kwenye kibanda cha mwisho kilichojibana kati ya miamba, na jua likachomoza upande wa nyuma yetu.

Jamani. Nimechomelea vyuma miaka kumi na minane. Nimeona mwanga. Sijawahi kuona mwanga unaolala chini namna ile. Theluji ilikuwa imeganda juu kwa baridi ya usiku, na kila punje ilichukua kipande chake cha jua na kukirusha: nyekundu hapa, kijani pale, ukisogeza kichwa kidogo zinabadilishana. Nilipiga yowe. Biira akaniambia nipige yowe taratibu.

Nilivaa miwani yangu ya gesi. Biira alikuwa amenitolea miwani yake ya akiba, lakini mimi ni mtu wa kubisha, mnanijua. Aliijaribu yangu, akatazama huku na huku, akakubali.

Thembo alibaki kibandani na sufuria zake; sisi wawili tulifungana kamba, Biira mbele, mimi nyuma, tukapanda. Na kila hatua Biira alikuwa na kitu cha kunionyesha. Kulikuwa na jiwe kubwa limekaa juu ya mguu wa barafu, kama meza. Kwa nini? Kwa sababu lenyewe ni kubwa na linaitilia kivuli barafu iliyo chini yake, na barafu ya pembeni imeyeyuka ikashuka. Hatua chache mbele, changarawe ndogo nyeusi, kila moja imezama ndani ya kishimo chake chenye maji. Hizo ni ndogo, jua linazipasha moto mpaka chini, nazo zinaitoboa barafu.

"Kwa hiyo weusi ndio unaoiua," nilisema.

"Weusi inakula jua," alisema Biira. "Weupe inakataa. Ona pale penye vumbi la moshi, pameshuka. Hapa penye theluji mpya, pamebaki juu. Sasa theluji mpya ni kidogo, barafu inabaki chafu, na jua inaimaliza." Alinyoosha fimbo kuonyesha mwamba mtupu mbali chini yetu, wenye alama ya rangi. "Baba yangu alikuwa mubeba mizigo. Wakati wake, barafu ilikuwa inagusa ile alama."

Nilisimama pale pale. Jibu la ubishi wa nyumbani kwetu lilikuwa chini ya viatu vyangu! Baba aliuliza jua lingeiachaje barafu ikae. Haliiachi kwa hiari yake. Barafu inalifukuza. Sehemu kubwa ya jua linalokuja, ule weupe unalirudisha lilikotoka. Nilitamani baba awe pale nimpigie kelele sikioni.

Kwenye ukingo, barafu ilikuwa imepasuka, na ndani ya ufa ilikuwa bluu, bluu ya moto wa gesi ukiupunguza. Niliporudi nilimuuliza mwalimu wa sayansi mjini Kasese, akanieleza kwamba barafu nene humeza rangi nyekundu kidogo kidogo, na bluu ndiyo inayofika mbali. Wakati ule sikujua. Nilitazama tu, na machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema.

Chini ya ukingo vilikuwa vimeanguka vipande vilivyokatwa na joto la jana. Nilitaka kuchonga kutoka kwenye ufa wenye bluu nzuri. Biira akanishika mkono.

"Iliyolala usiikate. Chukua iliyoanguka."

Tukajaza chupa mpaka shingoni. Nikafunga kifuniko.

Na sasa nifike kwenye upumbavu wangu. Tulipoanza kurudi juu ya theluji, wingu lilikuja likatufunika. Jua likapotea, kivuli changu kikapotea, kila kitu kikawa cheupe, juu na chini, kama tumefungiwa ndani ya gunia la unga. Miwani yangu ilipata ukungu, sikuona hata vidole. Biira aliita kutoka mbele, "Fundi, weka miwani! Hiyo mawingu inakudanganya!" Nikamjibu, "Nimeweka!" Kisha nikaivua.

Msinicheke bado. Fundi yeyote wa kuchomelea angefanya nilivyofanya. Sote tulifundishwa hivyo: usiutazame moto, inamisha macho, tazama chini. Jua halikuwepo, na mimi nilitazama chini, kwenye viatu vyangu, karibu saa mbili nzima, kwa uangalifu mkubwa. Nilijiona mjanja. Kumbe mwanga ulikuwa unapenya wingu na kutua kwenye theluji, na theluji inaukataa, inaurudisha juu, moja kwa moja kwenye uso wangu ulioinama. Mahali pekee ambapo sikupaswa kutazama ni pale pale nilipofundishwa kutazama.

Siku bila macho

Tulirejea kibandani mchana. Baada ya saa chache nilihisi mchanga machoni. Niliujua mchanga huo. Kila mmoja wetu karakanani amelala nao angalau mara moja: machozi yasiyokoma, kope zilizovimba, na maumivu ukifungua na ukifumba. Lakini mara hii ulikuwa mara kumi.

"Ulivua," alisema Biira.

"Nilivua."

Nilimsikia akivuta pumzi kupitia puani. Alitaka kunitukana, na alikuwa na haki, lakini aliniuliza tu kama kuna dawa tunayotumia. Nikamwambia vipande vya kiazi kibichi. Akavikata, akaniwekea machoni, akanifunga kitambaa. Kesho yake yote sikuona kitu. Nililala nikisikiliza upepo, nikifikiria baba pale barazani. Nilikuwa nimezoea kumhurumia. Siku ile niliacha kumhurumia, nikaanza kumwelewa. Nikajua kwa nini anageuza uso wake kwenye joto, na kwa nini anauliza mara mbili nani amepita.

Thembo alinihudumia kama mama. Mchana aliniletea kikombe cha chai ya tangawizi, moto, tamu sana. Nikanywa. Baada ya saa nyingi akaniletea kingine, bado moto vile vile.

"Thembo," nikamwambia, "wewe ni hodari. Umewasha jiko tena?"

"Hapana. Imekaa kwa chupa."

Nilikaa kitako. Viazi vikaanguka.

"Chupa gani?"

Alijibu polepole: "Hii ya chai. Ilikuwa na mawe ya barafu ndani. Nilimwaga. Nilifikiri umesahau kuisafisha."

Wala sikumlaumu, na siwalaumu mnaomcheka sasa. Chupa ya chai ni ya chai. Thembo usiku ule wa makayabu alisikia habari ya mama na mawe, lakini hakuna aliyemwambia kwamba barafu itasafiri ndani ya chupa. Nililia. Nililia kwa macho yaliyoungua, na kila chozi lilikuwa pilipili. Sikuweza kurudi kule juu, hata mlangoni nilifika kwa kupapasa. Safari nzima ilikuwa imeishia kwenye vikombe viwili vya tangawizi.

Biira aliingia akakuta nalia na Thembo anasema "pole" mfululizo. Alisikiliza. Akasema, "Lala. Asubuhi nitaenda mimi."

"Dada, hiyo si kazi yako. Umeshanifikisha."

"Kazi yako nimemaliza, ndiyo," alisema. "Hii si yako. Hii ni ya Masika. Mukonzo aitwe mwongo mbele ya watu, na barafu iko hapa mlangoni? Siwezi kushuka mikono mitupu nikaacha mwanaume wa Bungoma ashinde."

Alfajiri nilisikia viatu vyake vikiondoka juu ya mawe.

Kushuka

Alirudi na chupa nzito. Macho yangu yalikuwa yamefunguka kidogo, ya kutosha kuona kisigino cha mtu aliye mbele, na nilivaa miwani ya Biira bila kubisha. Nikaifunga chupa kwa mfuko mweusi wa plastiki. Aliuchana.

"Umeona mawe meusi kwa barafu yakifanya nini?"

Aliifunika chupa kwa kuvumwani nene, kisha akaizungushia mfuko mweupe wa simenti aliouokota kwenye ukarabati wa kibanda, na kuifunga kamba. Tuliposhuka aliibeba upande wa kivuli chake. Njia ikigeuka, anaihamishia bega la pili. Siku ya kwanza tulishuka njia tuliyoipanda kwa siku mbili. Ya pili, kadiri tulivyoshuka, joto lilipanda, na kila nilipotaka kufungua nione, Biira alinipiga kiganja.

Tuliagana mwisho wa njia. Nilimwambia "wasingya", asante, mara nyingi mpaka akachoka. Thembo alinishika mikono yote miwili akasema pole ya mwisho.

Nikadandia boda. Jua la saa saba lilikuwa linaoka lami. Na njia panda, kizuizi kilikuwa pale pale.

"Wewe! Simama! Fundi wa jua!" Alikuwa afande yule yule. "Umeleta? Fungua!"

Nilishuka, nikaikumbatia chupa kifuani. "Afande, nakuomba. Nikiifungua hapa, itakufa. Imekuja siku mbili. Mzee hajaishika bado."

"Nilisema fungua."

"Sikiliza, basi. Sikiliza tu."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliinua chupa mpaka sikioni mwake, nikaitikisa. Ndani, kati ya maji, kitu kigumu kiligonga chuma. Ko. Ko. Uso wa afande ulibadilika. Aliishika mwenyewe, akatikisa tena, akasikiliza macho yamefumbwa.

"Bado iko hai," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akanirudishia chupa, akageuka, akainua mkono, akasimamisha lori la mihogo, pikipiki tatu na gari la padri. "Toka kwa njia! Nyinyi wote! Huyu apite! Fundi, kimbia! Usisimame popote!"

Nikamwachia kile kioo cheusi mkononi. Sikusubiri ashukuru.

Bulembia tena

Baba alikuwa barazani. Alinitambua kwa hatua.

"Umechelewa siku mbili," alisema.

"Nilipofuka, baba. Nitakueleza. Lete mkono."

Nilifungua kamba, mfuko, kuvumwani. Kabla sijafungua kifuniko chupa iligonga, na baba akainua kichwa. Nilimwaga maji taratibu chini, nikapokea kilichobaki: kipande kimoja, cha mviringo, chenye ukubwa wa yai la njiwa, safi, na jua la mchana limeingia ndani yake likakaa. Nikakiweka kwenye kiganja chake.

Alishtuka kama aliyechomwa. Kisha akafunga ngumi.

Nikaanza kumweleza, maneno yananitoka kwa fujo, kwamba weupe unakataa jua, unalirudisha, ndiyo maana haiyeyuki, na ndilo lililonirudia mimi machoni, na mawe meusi...

"Nyamaza," alisema baba.

Maji yalianza kupenya kati ya vidole vyake, yakashuka kwenye kifundo, yakaingia kwenye mkono wa shati. Alikizungusha kile kipande kwa kidole gumba, alivyokuwa akizungusha mawe ya shaba nilipokuwa mdogo. Alikipeleka mdomoni, akakigusa kwa ulimi.

"Yeye aliwahi kuishika?" aliuliza.

"Mama? Hapana. Hakuwahi kufika kule. Aliambiwa na wazee wake."

Baba alisimama ghafla, ngumi imefungwa. "Nipeleke kwake. Haraka, Barasa, haraka, inaisha!"

Kaburi la mama liko nyuma ya jiko, kando ya migomba, hatua thelathini. Sikuwa nimemwona baba yangu akikimbia tangu macho yake yazime. Alikimbia, mkono mmoja begani kwangu, mwingine mbele yake, akajikwaa kwenye mzizi, akainuka bila kufungua ngumi. Tulipofika alipiga magoti, akapapasa udongo mpaka akapata mahali pa kichwa, akanyoosha mkono juu yake, akafungua vidole.

Kulikuwa na maji tu. Yalidondoka matone matatu, manne. Kiganja chake kilikuwa chekundu kwa baridi. Hakukifuta. Alikiweka juu ya udongo, wazi, akakikandamiza pale.

"Masika," alisema, kwa ile sauti yake kubwa, ambayo majirani wote waliisikia, "ni barafu."